Kukoka Moto wa Kuni: Mwongozo Kamili, Tangu Kuchagua Ukuni Hadi Kuzima Majivu

Wahenga walituachia neno: pafukapo moshi pana moto. Anayekoka moto kila siku ana la kuongeza. Moshi mzito unaopanda polepole ni kuni zilizotoroka bila kuwaka, na pale unapofuka hivyo moto bado haujakaa sawa.

Sababu ni hii. Kinachotoa ndimi za moto si ukuni wenyewe. Ukuupasha joto, kwanza maji yaliyomo hugeuka mvuke yanapofika nyuzi 100 za Sentigredi. Joto likipanda hadi kati ya nyuzi 200 na 300, mti huanza kuvunjika ndani kwa ndani na kutoa gesi, na gesi hizo ndizo zinazowaka. Tazama kwa makini ukuni ulioshika moto: ulimi wa moto huanza kidogo juu ya ukuni, haujagandamana nao. Gesi zikiisha hubaki kaa, nalo huungua bila ulimi, jekundu tu. Gesi iliyokuta joto la kutosha na hewa huwa mwanga na joto. Iliyovikosa hupanda kuwa moshi na kuliza watu machozi.

Kila hatua iliyomo humu, hata ile inayoonekana ndogo kama mahali pa kuingiza njiti, inarudi kwenye jambo hilo: ukuni utoe gesi upesi, gesi ikute hewa, na joto lisitawanyike kabla ya kufanya kazi.

Ukuni mkavu, na ukuni unaodhaniwa mkavu

Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji yanayofikia nusu ya uzito wake. Ukuni unaofaa kuwashwa usiwe na maji yanayozidi asilimia 20. Wengi hudhani ubaya wa ukuni mbichi ni joto linalopotea kwa kuchemsha maji. Linapotea kweli, kwani kugeuza mvuke maji ambayo tayari yanachemka hula joto karibu mara 7 ya lile lililoyatoa nyuzi 20 hadi nyuzi 100. Lakini ubaya ulio mkubwa zaidi ni kwamba sehemu yenye maji haipandi zaidi ya nyuzi 100 mpaka maji yaishe. Gesi hutoka kidogo kidogo, imechanganyika na mvuke, na haifikii joto la kushika. Ndiyo maana ukuni mbichi unaweza kufuka saa nzima juu ya makaa mazuri bila kutoa ulimi hata mmoja.

Namna ya kuupima ukuni: gonganisha vipande viwili. Vikavu hulia kwa sauti kali, vibichi hutoa mdundo mzito kama wa kitu kilichojaa. Ukavu huonekana pia kwenye nyufa za ncha, zinazotoka katikati kwenda nje, na gome huanza kubanduka kwa kidole. Usitegemee nyufa peke yake, maana ncha hukauka miezi kabla ya katikati. Njia ya kuaminika ni kupasua kipande kimoja na kuweka upande wa ndani shavuni. Ukihisi ubaridi wa unyevu, rundo hilo bado. Mwenye mizani aweke alama kwenye kipande kimoja na kukipima kila wiki. Uzito ukiacha kupungua, ukuni umekauka kadiri mahali hapo panavyoruhusu.

Vijiti vyembamba hupimwa kwa kuvunjwa. Kinachokatika kwa mlio kinafaa, kinachopinda kiwekwe kando kikauke.

Ukikausha mwenyewe, pasua kwanza ndipo upange, kwa sababu gome huzuia maji kutoka na gogo zima huweza kukaa miaka na ndani bado ni bichi. Vipande vya urefu wa sentimita 30 hadi 40, unene usiozidi sentimita 15, huwafaa wengi. Vipange juu ya vipande vya mbao au mawe ili viinuke sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini, mahali panapopita upepo, na ufunike juu peke yake. Kuvisha rundo zima turubai hadi chini ni kosa linaloonekana kila mahali: mvuke unanaswa humo, na badala ya kuni kavu unavuna ukungu. Miti laini huchukua kama miezi 6, migumu mwaka mmoja hadi miwili, kutegemea unene na hali ya hewa.

Kuhusu aina ya mti, maneno ni mengi kuliko haja. Kilo moja ya mti mgumu na kilo moja ya mti laini, zikiwa kavu sawasawa, hutoa joto linalokaribiana. Tofauti ni kwamba mti mgumu una uzito mwingi ndani ya ujazo mdogo, kwa hiyo huwaka polepole na kuacha makaa ya kudumu. Mti laini, hasa wenye ulimbo kama msonobari, hushika upesi, hurusha cheche na kuacha makaa machache. Tumia laini kuwashia na mgumu kudumishia. Mbao zilizopakwa rangi, zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa na kuoza, na mbao za tabaka zilizoshikwa kwa gundi zisiingie motoni kabisa. Baadhi ya dawa hizo zina aseniki, sumu ambayo hutoka na moshi na kubaki kwenye majivu.

Viwashio, vijiti, kuni

Chukua kijiti chenye upana wa sentimita 5 kwa 5 na urefu wa sentimita 30. Eneo lake la nje ni sentimita za mraba 650. Kipasue kuwa vichane 25 vya sentimita 1 kwa 1, na eneo linakuwa sentimita za mraba 3,050. Mti ni uleule na uzito ni uleule, ila sasa sehemu inayopokea joto na kutoa gesi imekaribia mara 5. Moto mdogo wa njiti una uwezo wa kupasha vitu vyembamba tu, ndipo hivyo vipashe vinene kidogo, na kadhalika. Ukiruka ngazi moja, moto unafia hapo.

Viwashio ni vitu vyembamba vinavyoshika kwa njiti moja: nyasi kavu zilizofikichwa, nyuzi za makumbi, maranda ya seremala, gome la ndani lililosuguliwa hadi likawa nyuzi, karatasi ya gazeti iliyokunjwa kilegevu. Karatasi inayong'aa ya majarida haifai, kwa kuwa imepakwa udongo na huacha majivu mengi yanayofunika vijiti. Hata karatasi nzuri ikifinywa ikawa donge gumu haiwaki vizuri, kwani hewa haiingii. Kiasi: konzi mbili zilizojaa. Ikiwa una shaka na hali ya hewa, ziwe nne.

Vijiti vigawe katika unene wa aina tatu. Vya unene wa njiti ya kiberiti viwe fungu linalojaza duara la vidole gumba na vya shahada vya mikono miwili. Vya unene wa penseli viwe mafungu mawili ya namna hiyo. Vya unene wa kidole gumba viwe mzigo mmoja wa kukumbatia. Vyote viwe na urefu wa sentimita 20 hadi 30. Kisha kuni zenyewe, za unene wa kifundo cha mkono: kumi hadi kumi na mbili kwa moto wa saa moja hivi. Za unene wa mguu zingoje makaa.

Yote haya yawe kando yako, yamepangwa kwa ukubwa, kabla hujagusa kiberiti. Mioto mingi inayozimika huzimika wakati mtu amekwenda kutafuta kijiti kingine.

Vijiti vilivyopasuliwa hushika haraka kuliko vya duara vya unene huohuo, kwani havina gome na kingo zao ni kali. Ukikosa viwashio kabisa, tengeneza kijiti cha maranda: chukua kichane kikavu cha unene wa kidole gumba, kisimamishe juu ya kigogo, na ukichonge kwa kisu kikali kuelekea chini, ukiacha kila randa limeshikamana na kijiti na kujikunja. Bapa la kisu lilale karibu sambamba na kijiti. Ukiliinua sana linakata randa na kuliangusha. Vijiti vitano vyenye maranda membamba hutosha kuanzisha moto bila karatasi.

Mahali

Safisha duara lenye upana wa mita 3 hadi uone udongo mtupu, bila majani wala nyasi. Tazama juu pia: matawi yanayoning'inia na paa la turubai hupata joto kubwa kuliko unavyodhani. Hema na vitu vinavyoungua vikae mita 5 au zaidi, upande upepo unakotoka. Usikoke juu ya mizizi wala juu ya udongo mweusi uliojaa mboji nene, kwani moto huingia chini ukafuka kwa siku nyingi na kutokea mahali pengine.

Mawe ya kuzunguka moto yasitoke mtoni wala mahali penye majimaji. Maji yaliyonaswa ndani ya jiwe hugeuka mvuke, na mvuke ukikosa njia jiwe hupasuka na kurusha vipande. Mawe makavu ya juu ya ardhi ni salama zaidi.

Ardhi ikiwa na unyevu, tandaza kwanza safu ya vijiti vikavu vya unene wa kidole gumba, vimebanana kama mkeka. Ardhi mbichi hunyonya joto la moto mchanga na kutoa mvuke chini yake. Watu hulaumu kuni zao wakati kosa liko chini ya kuni.

Kupanga msonge, hatua kwa hatua

Mpangilio wa msonge ndio wa kujifunza kwanza. Huwaka upesi, na makosa yake huonekana mapema.

1. Weka kijiti cha unene wa kidole gumba upande upepo unakokwenda, kikiwa kimelala. Hiki ni kizuizi cha kuegemezea vingine.
2. Weka viwashio mbele yake katika fungu lenye ukubwa wa tikiti dogo, vilegevu kiasi kwamba unaona mwanga ukipenya. Acha pembeni kiasi cha kuongeza baadaye.
3. Egemeza vijiti vya unene wa njiti kuzunguka fungu hilo, ncha zikutane juu. Acha mlango wa upana wa kiganja upande upepo unakotoka.
4. Ongeza vya unene wa penseli juu ya hivyo, kama ishirini hivi. Kati ya kijiti na kijiti iweko nafasi ya unene wake mwenyewe.
5. Malizia na vitano au sita vya unene wa kidole gumba. Kuni nene zisubiri.

Kosa la kawaida katika msonge ni upana. Ukiwa mpana na mfupi, vijiti hulala mbali na viwashio, joto hupita katikati bila kuvigusa. Simamisha kuta zake ziwe wima kiasi, urefu uzidi upana. Kosa la pili ni kubananisha: msonge uliojazwa kama kikapu hutoa moshi wa kijivu na kufa, japo kila kitu ndani yake ni kikavu.

Ukishika vizuri, msonge huanguka wenyewe baada ya dakika kama tano. Hilo si ajali. Uache uanguke, maana hapo ndipo makaa ya kwanza hujikusanya.

Mipangilio mingine na kazi zake

Wa kupishana, yaani kuni mbili sambamba, juu yake mbili za kukatiza, na kuendelea kama ukuta wa nyumba ya magogo, huacha hewa nyingi ipite na hutoa kitanda sawa cha makaa. Unafaa kupikia. Weka msonge mdogo katikati yake na uwashe huo.

Upepo ukiwa mkali, chomeka au laza gogo moja nene upande upepo unakotoka, kisha egemeza vijiti juu yake kuelekea upande mwingine, viwashio vikiwa chini ya mwegemeo huo. Gogo hufanya kazi ya ukuta.

Moto wa nyota una magogo manne au matano yaliyokutanisha ncha katikati. Kinachowaka ni ncha tu, nawe unasukuma gogo ndani kadiri linavyoisha. Hubana sana matumizi ya kuni na hauhitaji shoka la kukata magogo mafupi, ila hauwezi kuanzisha moto. Unautumia baada ya kupata makaa.

Mpangilio unaostahili kutazamwa zaidi ni ule wa kuwasha kwa juu, ambao wengi huukataa kabla ya kuujaribu. Laza kuni tatu au nne za unene wa sentimita 10 chini, zikikaribiana. Juu yake kwa kukatiza weka tano za unene wa kifundo cha mkono, kisha safu mbili za kidole gumba, kisha mbili za penseli, na kileleni viwashio na vijiti vyembamba. Unawasha kileleni. Joto linashuka taratibu kwa mnururisho, yaani miali ya joto itokayo motoni, na kwa makaa yanayodondoka, na kila gesi inayotoka kwenye kuni za chini inalazimika kupita kwenye ndimi za moto zilizo juu yake, hivyo inawaka badala ya kuwa moshi. Katika jiko lenye dohani hupunguza moshi wa mwanzo kwa kiasi kinachoonekana kwa macho, na huweza kwenda nusu saa au zaidi bila kuguswa. Masharti yake ni mawili: kuni ziwe kavu kwelikweli, na pasiwe na upepo mkali wa kupeperusha kilele.

Kuwasha

Njiti ya kiberiti cha kawaida haiwaki kwa kusuguliwa popote, kwa sababu fosforasi nyekundu inayohitajika iko ubavuni mwa kisanduku, wakati kichwa cha njiti kina klorati ya potasiamu. Kwa hiyo njiti kavu na ubavu uliolowa havikufai kitu. Hifadhi kisanduku kizima ndani ya kopo linalofunga au mfuko usiopitisha maji.

Piga magoti ukiupa upepo mgongo, mwili uwe ngao. Sugua njiti kuelekea mbele, kisha uinamishe kichwa chake kidogo ili ulimi upande juu ya kijiti chake na kukua. Usikimbilie kuitumbukiza wakati kichwa bado kinafoka. Ingiza kupitia mlango wa msonge na uguse viwashio *chini*, upande upepo unakotoka, kwa kuwa joto hupanda na upepo hulisukuma ndani. Gusa mahali pawili au patatu ikiwezekana. Anayewasha msonge kwa juu anachoma viwashio vya juu tu, na vijiti havipati kitu.

Petroli haina nafasi hapa. Mvuke wake hutambaa ardhini na kulipuka kabla hata njiti haijafika. Mafuta ya taa juu ya kuni ambazo zimekwisha kuwashwa zikafuka tu ni hatari vilevile: hugeuka mvuke juu ya makaa yaliyojificha, halafu hushika kwa mkupuo na kurudi hadi kwenye chupa iliyo mkononi.

Dakika kumi za kwanza

Viwashio vikishika, tulia. Mkono unaoingiaingia kupanga upya ndio huvunja msonge na kutawanya joto. Subiri vijiti vya penseli viwe na ndimi zao wenyewe, ndipo uongeze vya kidole gumba, viwili viwili, ukiviweka mahali ulimi unapopita. Kuni za kifundo cha mkono huingia pale unapoona makaa mekundu ya upana wa viganja viwili hivi.

Ukuni mmoja peke yake hauwaki kwa muda mrefu hata uwe mkavu vipi, kwani upande wake unaowaka unatazama hewa baridi na joto lake linakwenda bure. Ukiweka wa pili karibu yake, kila mmoja humrudishia mwenzake joto. Tatu ni bora zaidi. Nafasi kati yao iwe ya kidole kimoja: ikizidi hapo haziambukizani joto, ikipungua hewa haipiti. Marekebisho mengi ya moto uliolegea ni hayo tu, kusogeza kuni mbili zikaribiane au kuzitenganisha kidogo.

Kupuliza kuna ustadi wake. Lala karibu na ardhi, lenga penye wekundu na si kwenye ulimi wa moto, utoe pumzi nyembamba na ndefu, kisha geuza uso kando kabla ya kuvuta pumzi nyingine. Kupuliza ulimi wa moto huupoza na kuuzima. Kupuliza kaa hulipa oksijeni. Bomba la chuma la urefu wa sentimita 60 hukuepusha na moshi na hupeleka hewa pale pale unapotaka.

Kuusoma moto

Moshi mweupe mzito mwanzoni ni mvuke na lami iliyokosa kuwaka. Ukiendelea baada ya dakika kumi, kuni ni mbichi au joto halitoshi: rudi kwenye vijiti vyembamba, upandishe ndimi za moto, ndipo urudishe nene. Moshi mweusi ni wa ulimbo, au wa kuni nyingi zilizotupwa kwa pamoja hewa ikiwa chache. Toa mbili uone tofauti. Mlio wa kuchuruzika na mapovu kwenye ncha ya ukuni ni maji. Mpasuko wenye cheche ni mvuke au ulimbo ulionaswa ndani, nao ni wa kawaida kwa miti laini.

Moto unaowaka vizuri upande mmoja na kufa mwingine kwa kawaida unaonyesha upepo au njia ya hewa iliyozibwa na majivu. Pitisha kijiti chini uinue kuni kidogo. Moto uliokuwa mkubwa ghafla ukasinyaa umekula vijiti bila kukuta kuni za kati. Umeruka ngazi, kama ilivyosemwa huko juu, na dawa yake ni vijiti vya kidole gumba, wala si gogo.

Kwa kupika, ndimi za moto huchemsha na makaa huchoma. Kuni za mti mgumu huchukua dakika 45 hadi saa moja kufika hatua ya makaa yaliyofunikwa na jivu jepesi. Pima kwa kiganja kikiwa sentimita 10 hadi 12 juu yake: ukivumilia sekunde 2 au 3 joto ni kali, 4 hadi 5 ni la wastani, 7 au 8 ni la polepole.

Wakati wa mvua

Usiokote kilicholala ardhini. Tafuta mti mfu uliosimama, au tawi kavu lililonasa hewani. Maji ya mvua huloanisha gome na milimita chache za nje, ndani hubaki pakavu. Katakata vipande vya sentimita 30, ondoa gome, pasua vipande vinne, na uchonge maranda kutoka kwenye pembe ya ndani. Kisu na shoka hapa vina thamani kuliko kiberiti. Ulimbo ulioganda kwenye majeraha ya msonobari huwaka hata ukiwa umelowa, na pamba iliyopakwa mafuta ya mgando huwaka dakika kadhaa. Beba kidogo daima kwenye kikopo.

Zidisha vijiti mara mbili ya kawaida, jenga mkeka wa chini, na baada ya moto kushika simamisha kuni zinazofuata pembeni zikaukie joto. Zigeuze kila mara. Usiziache zikaanza kuungua bila kuonekana.

Pasipo kiberiti

Kijiti cha ferosiriamu, yaani mchanganyiko wa metali unaotoa cheche ukikwaruzwa kwa kisu, hutoa cheche za nyuzi kama 3,000, nacho hufanya kazi hata kikiwa kimelowa. Watu hukosea kwa kusukuma kisu kuelekea viwashio na kuvitawanya. Shikilia kisu palepale, vuta kijiti nyuma, na cheche zitaanguka mahali pamoja. Gumegume na chuma kigumu chenye kaboni nyingi (si kile kisichoshika kutu) hutoa cheche dhaifu zaidi, zinazohitaji kitambaa cha pamba kilichounguzwa ndani ya kopo lenye tundu dogo mpaka kikawa cheusi.

Kupekecha kwa ulindi (kipande cha chini chenye tundu) na uwimbombo (kijiti kinachozungushwa ndani yake) kunataka mti laini mkavu, ule unaobonyea kidogo kwa ukucha, kwa vipande vyote viwili. Uwimbombo uwe na unene wa sentimita 1.5 hadi 2. Anza tundu karibu na ukingo, kisha kata pengo la pembe tatu kutoka ukingoni hadi karibu na kitovu cha tundu. Humo ndimo unga uliounguzwa hukusanyika, na bila pengo hilo unapata moshi pasipo kaa. Unga wa rangi ya kahawia unamaanisha kasi au mkandamizo ni mdogo. Ukiwa mweusi na kuendelea kufuka baada ya kuacha kupekecha, kaa limezaliwa. Lipe muda likusanye nguvu, lihamishie kwenye kiota cha viwashio, kunja kiota na upulize taratibu huku ukikiinua juu ya uso wako.

Jiko lenye dohani

Dohani baridi ina hewa nzito inayozuia moshi kupanda. Fungua kilango cha dohani na matundu yote ya hewa, kisha choma karatasi moja iliyosokotwa karibu na mdomo wa dohani mpaka usikie hewa ikivuta. Ndipo uwashe. Acha sentimita 2 hadi 3 za majivu chini, kwani huhifadhi makaa, isipokuwa mtengenezaji wa jiko ameagiza vinginevyo. Punguza hewa kidogo kidogo baada ya kuni kushika sawasawa.

Usijaze kuni na kufunga hewa ili moto ulale usiku kucha. Kuni zinazofuka hupeleka lami kwenye dohani, nayo hugandamana kuwa kreosoti, ambayo ikishika huwaka ndani ya bomba lenyewe. Makaa yanayoungua kwenye hewa chache hutoa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, kwa hiyo chombo chenye makaa hakiingii chumba cha kulala hata kama hakionyeshi moshi.

Kuzima

Acha kuongeza kuni mapema ili zilizopo ziungue hadi majivu. Simama upande upepo unakotoka, mimina maji kuzunguka kutoka nje kuja katikati, kidogo kidogo, kwa sababu mvuke wake huunguza. Koroga kwa kijiti, pindua kila kijinga ukiloanishe chini, mimina tena. Moto wa kawaida hula lita 10 hadi 20. Kufukia kwa udongo hakuzimi: makaa hubaki hai chini kwa saa nyingi, na anayekanyaga hapo pekupeku baadaye huungua vibaya.

Pitisha mgongo wa mkono karibu na majivu, kisha yaguse. Yakiwa na joto, rudia maji. Majivu ya jiko yawekwe kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, juu ya jiwe au sakafu ya saruji, nje, mbali na ukuta wa mbao. Ndoo ya plastiki na mfuko wa karatasi havifai, hata kama majivu yana siku mbili na yanaonekana meupe kabisa.